Nyumba ya Ukutani

Ukuta wa chumba cha uani ulikuwa ukitoka jasho. Hasna aliugusa kwa kiganja, akadhani mtu ameumwagia maji, maana ilikuwa mchana wa jua kali, mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule, na matofali ya udongo ya nyumba yake hayakuwahi kutoa unyevu hata masika. Kiganja kilirudi kimelowa, tena baridi. Alikinusa. Kilinuka moshi, lakini si wa kuni wala wa mkaa. Ulikuwa moshi mzito wenye ukali wa kukwaruza koo, kama ule wa magarimoshi ya zamani aliyoyaona stesheni ya Kigoma alipokuwa mtoto.

Upande wa pili wa ukuta huo alikaa mkimbizi wake.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, ukielekea mwisho. Warundi walikuwa wakishuka kila siku kwenye ufuko wa Ujiji na magodoro yao, masufuria yao, na watoto waliosinzia migongoni. Malori yaliwachukua kwenda makambini upande wa Kasulu, lakini wenyeji walibaki na wachache majumbani. Hasna alibaki na Zénon Nduwayo, mwanamume mrefu aliyekuwa mpishi wa Wazungu Bujumbura, na binti yake Iradukunda, mtoto aliyekaribia umri wa kuanza shule, ambaye tangu mama yake auawe hakuwa ametoa neno.

Hasna mwenyewe alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, Abdul, alitoka na wavuvi wa dagaa mwaka uliotangulia, upepo ukawakuta katikati ya ziwa, mtumbwi ukarudi na yeye hakurudi. Hata mwili haukuonekana. Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Watu waliendelea kumwita Mama Abdul, jina lililomuuma na ambalo hakutaka waliache.

Alizunguka hadi mlangoni kwa Zénon. Ulikuwa wazi. Zénon aliketi kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, akitazama picha.

Siku walipofika Hasna aliiona ikiwa imefungwa ndani ya shuka, akadhani ni kioo. Sasa ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, kongwe, yenye nyufa kama za udongo wa bwawa lililokauka, na pembeni chini palikuwa na mwaka ulioandikwa kwa brashi nyembamba: 1868. Alitegemea kuona mfalme au malaika. Ilikuwa nyumba tu. Nyumba ya ghorofa katika mji fulani wa Ulaya, kuta za kijivu, madirisha marefu, mlango wa kahawia uliofungwa, na mbele yake barabara ya mawe iliyolowa. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nyumba ambayo ungepita mbele yake kila siku na usiikumbuke.

"Zénon, ukuta wako unalowa," alisema.

"Huko mvua inanyesha, Mama Abdul," Zénon alijibu bila kugeuka.

"Huko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye picha.

Hasna alikuwa ameona watu wengi waliotoka vitani, akajua kwamba akili ya mtu inaweza kutangulia au kubaki nyuma ya mwili wake. Alimuuliza kwa upole kwa nini, kati ya vitu vyote, alibeba hiki.

"Ilikuwa kwa mabosi, chumba cha kulia," Zénon alisema. "Babu wa babu yao ndiye aliinunua. Wao walipanda ndege, wakaniambia chukua unachotaka. Mimi sikutaka kitu. Nilikuwa nimetoka kumzika Marcelina kijijini, nikarudi mjini kuchukua nguo zangu tu. Nikapita pale ukutani." Alishusha sauti. "Dirisha la juu, la kwanza. Alikuwa amesimama pale. Mke wangu, Mama Abdul. Na sasa niko namwona kila mchana."

Hasna alitazama dirisha la juu. Aliona kioo cheusi na pazia. Alimwambia Zénon ale, akatoka.

Uani, Iradukunda alikuwa ameketi juani, mgongo kwenye ukuta wa jiko, akitetemeka.

Zilipita siku. Zénon aliacha kwenda bandarini kutafuta vibarua. Chakula alichowekewa kilipoa kikatupwa kwa kuku. Asubuhi, Hasna akifagia, alikuta alama za maji kwenye sakafu ya udongo ya ukumbi, alama za viatu vyembamba vyenye visigino, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na viatu isipokuwa ndala. Zilianzia ukutani kwa Zénon, zikaenda hadi mlango wa mbele, zikaishia hapo. Alizifagia. Kesho yake alizikuta tena. Akaanza kusikia, mchana watu wakiwa wamejilaza kukwepa jua, mtu akipanda ngazi polepole, kidato baada ya kidato, katika nyumba isiyo na ngazi.

Siku moja alimpelekea Zénon uji, akamkuta amelala usingizi kwenye kigoda. Aliinama kuweka bakuli chini. Kabla halijagusa sakafu, macho yake yalienda yenyewe kwenye picha.

Katika dirisha la katikati alisimama Abdul.

Alikuwa na shati la bluu alilotoka nalo siku ile, limelowa, limemganda kifuani. Hakuwa amechorwa. Alipumua, na pumzi yake ilitia ukungu kwenye kioo, na alipoona mama yake anamtazama alitabasamu lile tabasamu lake la kuinua upande mmoja wa mdomo, akaweka kiganja kwenye kioo.

Bakuli lilikuwa bado mkononi mwa Hasna. Halikuanguka. Hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale kando ya Zénon na kutazama, na alipokuja kushtuka adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita na yeye hakuisikia.

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Mchana Hasna alifunga kibanda chake cha dagaa mapema, akaja kuketi kwenye mkeka nyuma ya kigoda cha Zénon. Hawakusemeshana. Jirani yake, Zaitun, aliyekuwa akiuza vitumbua nyumba ya pili, alimwona barabarani akamshika mkono, akauachia haraka.

"Hasna, una nini? Umekuwa wa baridi kama samaki."

"Sina kitu," Hasna alisema. "Niache, nawahi nyumbani."

Abdul alikuwa ameanza kusema. Sauti ilitoka ndani ya picha ikiwa mbali na ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Alisema kwamba huko kuna baridi lakini mtu huzoea. Alisema vyumba ni vingi. Alisema, "Mama, mwambie baba yake amlete na yule mtoto, tumemwekea nafasi," na Hasna alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa wakati ule angekubali lolote ambalo sauti ile ingelisema, na ni baada ya kutikisa kichwa ndipo aliona dirisha lililo karibu na mlango, dirisha la chini kabisa ambalo siku zote lilikuwa tupu, na ndani yake mtoto mdogo wa kike aliyevaa gauni la njano, amesimama ameupa mtaa mgongo, nywele zake zimesukwa vilevile Hasna alivyozisuka kwa mikono yake asubuhi ile.

Aliruka akatoka nje. Iradukunda alikuwa amelala juani kando ya jiko, gauni la njano limemkunjamana magotini. Hasna alimbeba. Mtoto alikuwa mzito kuliko inavyopasa na baridi kama jiwe la kisimani, midomo imebadilika rangi, na pumzi yake ilinuka ule moshi.

Alimpeleka hivyo hivyo, mgongoni, bila kufunga mlango, hadi kwa Maalim Dadi.

Maalim Dadi alikuwa mzee mfupi aliyesomesha watoto Kurani asubuhi na kuombea wagonjwa mchana. Hakuwa na maneno mengi. Hasna alisema shikamoo, akaitikiwa, akaeleza yote, pamoja na lile la kutikisa kichwa, ambalo lilimtoka kwa shida. Maalim alimshika mtoto kipaji cha uso, akavuta mkono.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Huyu anahamishwa."

Walirudi pamoja. Zénon alikuwa kigodani. Maalim alisimama mbele ya picha kwa muda, akaangalia nyumba ile dirisha moja baada ya jingine.

"Mzee, usimguse," Zénon alisema. "Naomba. Ni mke wangu."

"Kama ni mke wako, sitamgusa," Maalim alisema. "Lakini tumjue kwanza. Jini hana lake. Anachokionyesha amekitoa kichwani mwako. Wewe siku mke wako alipokufa, ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mjini."

"Nani alikuwa naye?"

Zénon alimtazama binti yake mgongoni kwa Hasna. "Mtoto," alisema.

Maalim aliinama karibu na sikio la Iradukunda. "Mwanangu, mama alikuambia nini mwisho? Usinijibu mimi. Mwambie mama huyu anayekubeba."

Hasna alidhani mtoto hatajibu. Kisha alisikia midomo baridi ikigusa sikio lake, na maneno machache ya Kirundi, kwa sauti iliyokauka kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Kirundi na Kiha, lugha ya kwao Hasna, vinakaribiana. Hasna aliyaelewa yote. Macho yalimjaa maji.

"Sasa wewe muulize mkeo," Maalim alimwambia Zénon. "Muulize alimwambia nini mtoto."

Zénon alisimama. Aliuliza kwa Kirundi, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Dirishani Marcelina alitabasamu. Sauti yake ilikuwa tamu, na ilijaza chumba.

"Anasema nini?" Maalim aliuliza.

"Anasema alimwambia ampende baba yake," Zénon alijibu, machozi yakimtiririka. "Anasema alimwambia, siku moja baba atatuleta pamoja katika nyumba moja."

"Bi Hasna?"

Hasna alimgeukia Zénon. "Mtoto anasema mama yake hakumtaja baba," alisema. "Alimsukuma kwenye migomba akamwambia: kimbia, usigeuke. Hayo tu. Na hakugeuka. Mpaka leo hajageuka."

Zénon alimtazama binti yake, kisha dirisha, na Hasna aliona jinsi mtu anavyofiwa mara ya pili. Tabasamu la Marcelina lilibaki pale pale juu ya uso, lakini uso ulio nyuma yake ulianza kusahau namna ya kulishika, shavu moja likashuka, jicho likazunguka peke yake, na kutoka kwenye madirisha yote ya nyumba ile, hata yale yaliyokuwa meusi, sauti moja isiyo ya mwanamke wala mwanamume ilisema kwa Kiswahili safi cha Ujiji: "Mmekuja wenyewe. Mmeketi wenyewe. Mtoto amekubaliwa."

"Tuichome," Hasna alinong'ona.

"Ukiichoma unamtoa nje," Maalim alisema. "Ukiitupa ziwani itaopolewa na mwingine mwenye msiba. Nyumba inafungwa madirisha. Nileteeni chokaa."

Zaitun ndiye aliyeileta, iliyobaki alipopaka chumba chake kwa Idi, akaiacha kizingitini asiingie. Maalim aliikoroga na maji ya waridi na mvuje, akaisomea, chetezo kikifuka ubani kando yake. Alichovya brashi, akamkabidhi Zénon.

"Kila mtu afunge dirisha la wake. Mimi siwezi kuwafungia. Na nisiwafiche: mtakachokifunika huko," alinyoosha kidole kwenye picha, kisha akagusa kipaji chake cha uso, "kitafunikwa na huku pia. Ameshika uso mlioukumbuka. Hataurudisha."

Zénon alipaka. Alipaka akilia kwa sauti, mistari minene, na kile kilichokuwa dirishani kikapiga kioo kwa ndani kwa viganja viwili hadi chokaa ilipokifika machoni. Kisha alishuka kwenye dirisha la chini, lile la gauni la njano, akalipaka haraka, na Iradukunda akakohoa mgongoni kwa Hasna, akakohoa tena, na joto likaanza kumrudia kama maji ya sufuria yanayoanza kupata moto.

Brashi ikafika mkononi mwa Hasna. Abdul alikuwa bado katika dirisha la katikati. Hakupiga kioo. Maji yalikuwa yakipanda nyuma yake ndani ya chumba kile, maji meusi ya ziwa, kiunoni, kifuani, na yeye alimtazama mama yake tu, akasema, "Mama, yananifika," kwa ile ile sauti aliyoitumia utotoni alipokuwa akiogopa giza, na Hasna, aliyekuwa amejiuliza kila siku kwa mwaka mzima kama mwanawe alimwita, na kama alimwita aliita kwa sauti gani, alisimama na brashi inadondosha chokaa miguuni pake na alijua kwamba kama atauliza swali lolote hataweza kupaka, kwa hiyo hakuuliza, alimtazama paji, nyusi, kovu dogo la kidevuni, alitazama kila kitu kwa pupa kama mtu anayekunywa kabla ya safari, akainua mkono akaanza na macho.

Kelele iliyotoka haikuwa ya mtu. Halafu ikakoma.

Maalim mwenyewe alichukua brashi kwa ajili ya mlango. Hapo alisita. Mlango wa kahawia, ambao siku zote ulikuwa umefungwa, ulikuwa wazi, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na ngazi yake ilikuwa na nyayo za maji zinazotoka nje. Aliufunika kwa chokaa, akarudia, na akarudia tena. Picha ilibaki nyeupe tupu.

Aliifunga katika shuka akaibeba mwenyewe kwenda kuizika vilimani, upande wa Simbo. Kabla ya kuondoka alimwambia Hasna kwa sauti ya chini, "Nyumba tumeifunga. Kama mwenyewe alikuwa ndani, hilo sijui."

Jioni ile Hasna alijaribu kumkumbuka mwanawe. Alikumbuka shati. Alikumbuka sauti, na mwendo, na namna alivyokula ugali akianza pembeni. Palipokuwa na uso palikuwa na chokaa. Zénon, kwa upande wake, alimpakata binti yake mlangoni, akawa anamwomba amwambie mama alikuwaje. Na Iradukunda, ambaye hakuwahi kutazama madirisha yale, alimweleza pole pole, pua, meno, alama ya shingoni, na baba akawa anasikiliza kama anayesikia habari za mgeni mzuri.

Malori yakawachukua wote wawili kabla ya mwaka kwisha. Hasna aliwafungia dagaa wa njiani. Picha ya Abdul hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Alimwomba Zaitun amweleze sura yake, naye alimweleza mara nyingi, lakini maneno hayakujenga uso.

Mchana mmoja wa mwaka mpya alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa. Sauti ya kijana ilisema hodi, taratibu, kama ya mtu aliyechoka na njia.

"Karibu," alisema Hasna, kama asemavyo kila mtu, mikono ikiwa ungoni, na ndipo akainua macho.

Kijana alisimama kizingitini. Nguo zake zilikuwa zimelowa, na barabara nyuma yake ilikuwa kavu.

"Mama," alisema. "Nimerudi."

Hasna alimtazama. Wavuvi waliwahi kurudi, walisukumwa na upepo hadi ng'ambo ya Zaire wakakaa huko mwaka na zaidi, jambo hilo lilijulikana ufukweni pote, na macho yale yangeweza kuwa ya Abdul, na mdomo ule pia, yangeweza kuwa ya Abdul kama yangeweza kuwa ya mtu yeyote chini ya jua, kwa kuwa ndani ya kichwa chake hapakuwa na kitu cha kumlinganisha naye, na mtu huyu alimtazama kwa mapenzi na subira akingoja atambuliwe.

Aliweka ungo chini. Alitoka kwa mlango wa uani, kwanza akitembea, kisha akikimbia, hadi kwa Zaitun.

"Njoo uniangalizie mtu," alisema. "Wewe unamkumbuka Abdul. Niambie tu kama ni yeye."

Zaitun aliacha karai motoni, akaja. Walizungukia mlango wa mbele. Kizingitini hapakuwa na mtu. Zaitun alitazama barabara juu na chini, akatazama ukumbini, mchele umetulia kwenye ungo.

"Yuko wapi huyo mtu, Hasna?"

Ndani, mlango wa chumba cha uani ulijifunga polepole, na komeo likasikika likiingia mahali pake.

"Niko huku, mama," sauti ilisema. "Umenikaribisha."